Ekseli ya Mogaka (Sehemu ya Saba)

Mliokuwa nami Jumapili iliyopita mnajua nilivyofukuzwa gereji ya Irving, huku Texas, Marekani, kwa kosa ambalo halikuwa langu. Wengi mlinitumia ujumbe wa pole. Nawashukuru, lakini pole zenu zisimamisheni kidogo, maana leo nasimulia kosa lililo langu mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Kwa anayenikuta leo: naitwa Faustine, fundi magari, mzaliwa wa Bukoba. Mke wangu Yasinta ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Irving, na tuna binti mmoja, Glory, wa miaka sita. Nilipofukuzwa, mtu mmoja tu alinifungulia mlango. Anaitwa Khalfan, mtu wa Tanga, fundi wa siku nyingi, mwenye banda la bati nyuma ya duka la matairi kule Haltom City.

"Lete spana zako," aliniambia. "Kona ile ni yako. Ila jina la banda ni langu, usinichafulie."

Sikumaliza mwezi.

Mogaka alikuja Jumatatu asubuhi. Mkenya, Mkisii, muuguzi wa wagonjwa wa figo kule Carrollton, mtu mpole ambaye hata akikasirika hujui. Alikuja na pikapu ya mwaka 1994, bluu iliyopauka, yenye kiti kidogo cha nyuma, aliyoinunua kwa mkulima mmoja mzee. Ni zile za zamani zenye matangi mawili ya mafuta, moja mbele na jingine nyuma, na swichi kwenye dashibodi ya kuchagua gari linywe lipi.

"Fundi, tangi ya nyuma inavuja," akasema. "Halafu huko nyuma kuna kitu inalia. Nikifika maili arobaini, inalia kama ng'ombe."

Nikaingia chini. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu hadi ungeweza kulitoboa kwa kidole. Difu, ile mashine ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, nayo ilikuwa imekwisha. Nilipozungusha kwa mkono propela, ule mhimili unaoleta nguvu ya injini huko nyuma, nilisikia meno yakigongana ndani.

"Kutengeneza hapa ni kujisumbua," nikamwambia. "Tutafute pikapu kama hii iliyogongwa mbele, tung'oe ekseli nzima ya nyuma pamoja na tangi, tuhamishie kwako."

"Hiyo inawezekana?"

"Mwanza nilikuwa nazihamisha kwa jeki moja na magogo."

Akacheka. Kisha akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Precious, miaka kumi na tisa, mtoto wake wa pekee tangu mama yake afariki.

"Jumamosi lazima nimpeleke Houston, anaanza chuo. Wanapokea wanafunzi mpaka saa kumi na moja jioni, basi. Ijumaa itakuwa ready?"

"Ijumaa utaikuta."

Hakuondoka. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Nikwambie ukweli, ndugu yangu. Watu wa kanisa wameniambia nisikuletee hii gari. Wanasema ulifutwa kwa sababu kazi hujui. Mimi nimewaambia, Faustine ni fundi."

Msomaji, kama umewahi kusemwa vibaya na watu unaokaa nao benchi moja kanisani, unajua maneno yale yalivyoniingia. Nilitamani kumkumbatia. Niliapa moyoni kwamba huyu mtu sitamwaibisha mbele ya wale wasemaji.

Kiapo hicho ndicho kilichoniponza.

Jumanne nikapata pikapu kwenye yadi ya magari mabovu, nikaivutisha hadi bandani. Ilikuwa imegongwa mbele, nyuma nzima. Jumatano nikashusha tangi lililooza, nikafungua mikanda yake ya chuma, nikapandisha lile zuri na pampu yake ndani. Nikajaza mafuta, nikabonyeza swichi, injini ikanywa bila kukohoa. Khalfan alipita akainama, akanusa, akasema, "Safi." Khalfan hatoi sifa ovyo.

Alhamisi ikawa zamu ya ekseli.

Hapa nieleze kidogo ili tuelewane. Ekseli ya nyuma ya pikapu hizi imelalia springi, na kinachoibana isichezecheze ni vyuma vinne vilivyopinda kama herufi U, viwili kila upande, vyenye nati huku chini. Sisi tunaviita yubolti. Vikilegea, ekseli inahama. Ekseli ikihama kwenye mwendo, gari si lako tena.

Khalfan aliniona nazifungua yubolti za ile pikapu ya yadini, akasimama.

"Hizo tupa. Yubolti ikishakazwa mara moja imeshavutika, hairudi kubana kama mwanzo. Agiza mpya."

"Nimeshaagiza, kaka."

Na kweli nilikuwa nimeagiza. Zikaja Ijumaa saa nne asubuhi, mpya, zinang'aa. Nikazipeleka kwenye ekseli.

Haziingii.

Nikajaribu tena, nikapima. Ekseli niliyoileta ilikuwa ya pikapu ya mizigo mizito, bomba lake nene kuliko la zamani. Nilikuwa nimeagiza kwa kipimo cha gari la Mogaka. Kosa dogo, la mtu mwenye haraka.

Nikapiga simu dukani. "Kipimo hicho hatuna. Jumatatu mchana."

Nikapiga duka la pili. Jumatatu. La tatu hawakuwa na uhakika hata wa Jumatatu.

Khalfan alikuwa ameshakwenda kuswali Ijumaa, na kutoka huko angepitiliza Arlington kumtazama mgonjwa. Nilibaki peke yangu na pikapu iliyoning'inia kwenye stendi.

Simu ikalia. Mogaka.

"Fundi, tuko sawa? Precious ameshafunga vitu vyake. Nimepata na friji ndogo ya kumpa."

Ilikuwa kazi ya maneno matano tu. Mogaka, haijawa tayari, ngoja Jumatatu. Angekodi gari, angempeleka mtoto, maisha yangeendelea.

Nikaona sura za wale wa kanisani. Nikasikia wakisema, si tulikwambia?

"Tuko sawa," nikajibu.

Nikaziokota yubolti kuukuu kutoka kwenye pipa. Nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka kutu ikatoka. Kisha nikachukua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, nikazipaka zote nne. Zikakauka juani. Mtu yeyote angesema zimetoka dukani.

Tatu zilikaza. Ya nne, upande wa kushoto, nati ilifika mahali ikaanza kuzunguka bila kubana. Meno yalikuwa yameliwa. Nikairudisha nyuma, nikaikaza tena taratibu. Ikashika kidogo. Nikasimamisha spana pale pale kwa kuogopa kuizidishia.

Nilijua. Naomba msinitafutie sababu. Nilijua.

Jumamosi saa tatu asubuhi Mogaka na binti yake walifika. Tulipakia godoro, rafu ya vitabu, maboksi na ile friji ndogo, tukafunga kwa kamba. Mogaka akazunguka gari, akainama kuchungulia chini.

"Yaani umeweka kila kitu mpya!"

"Jumapili ukirudi nipitie nikukazie tena," nikasema. "Ni kawaida kwa ekseli iliyofungwa upya."

Precious alikuwa bado hajapanda. Binti huyu Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza kama watoto wetu wote wa huku. Aliniangalia usoni.

"Uncle, is it safe?"

"Very safe," nikamwambia. Hata sikumeza mate.

Wakaondoka. Nilisimama nikisikiliza mpaka kona. Kilio cha difu hakikuwepo tena. Mungu anisamehe, nilijisikia fahari.

Nilikuwa nafagia Khalfan alipoingia, kama saa nne. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Zile yubolti mpya zisizoingia zilikuwa pale pale kwenye boksi lao.

"Faustine. Pikapu iko wapi?"

"Imeondoka."

"Imeondoka na nini?"

Kabla sijatunga jibu simu yangu ikatetema. Ujumbe wa Yasinta.

*Tumeshaondoka. Mogaka ametupa lifti, amenipitia nyumbani. Niko na Glory. Tunakwenda kwa Fanny Houston, sijui kwa muda gani. Usinipigie.*

Niliusoma mara mbili. Mara ya pili herufi zilikuwa zinaogelea.

Fanny ni dada yake Yasinta. Mke wangu alikuwa anataka kwenda kwake tangu nilipopoteza kazi, tangu nyumba yetu igeuke kuwa ya milango kubamizwa. Sikujua kama angekwenda kweli. Na sikujua kama Mogaka, katika ukarimu wake, angemwambia muuguzi mwenzake kwamba kiti cha nyuma kina nafasi.

"Kaka," nikamwambia Khalfan, na sauti haikuwa yangu, "mke wangu yumo mle. Na mtoto."

"Umefunga na nini?"

"Zile za zamani."

"Zile nilizokwambia utupe?"

"Nilizipaka rangi."

Khalfan hakunitukana. Laiti angenitukana. Alichukua jeki, stendi mbili na sanduku la spana, akazitupa kwenye gari lake.

"Panda."

Wao walikuwa wametutangulia kama nusu saa. Khalfan aliendesha kama mtu asiye na leseni ya kupoteza. Tulipita Dallas, tukaingia barabara ya 45 kuelekea Houston, na mimi napiga simu.

Mogaka hapokei. Mtu yule akiwa kwenye usukani hagusi simu, na gari la 1994 halina pa kuongelea.

Yasinta hapokei. Mara ya tano. Mara ya tisa. Namba ya Precious sikuwa nayo.

"Piga 911, polisi," Khalfan akasema.

Nikatafuta tena jina la Yasinta.

"Nimesema piga 911. Waambie pikapu ya bluu, wataisimamisha."

"Kaka, watauliza jina langu. Watauliza nani kafunga. Unajua karatasi zangu za ukaazi bado ziko uhamiaji, nangoja jibu."

Alinigeukia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu aliye kwenye mwendo wa maili themanini na tano.

"Mtoto wako yumo mle."

Naungama na hilo. Nilikuwa na simu mkononi, nikafikiria karatasi. Nikasema, "Ngoja nimjaribu Yasinta mara moja tena."

Akapokea.

"Mara kumi na nne, Baba Glory! Nimekuandikia usinipigie!"

"Mama Glory, mwambie Mogaka asimame. Gari hilo si zima."

Nikasikia upepo wa dirisha, na Glory akiimba kitu cha shuleni. Kisha Yasinta akacheka kicheko kikavu.

"Gari si zima?"

"Nakuapia."

"Uliniapia na siku ile."

Mliosoma sehemu ya tano mnakumbuka. Yasinta alitaka kwenda Houston kwa gari letu, nikamdanganya kwamba breki zimekufa, nikaficha funguo siku mbili. Breki zilikuwa nzima kabisa. Aliligundua hilo mwenyewe, na tangu siku ile hakuniamini hata nikimwambia mvua inanyesha.

"Safari hii ni kweli," nikasema.

"Kila nikitaka kwenda kwa ndugu yangu, gari linaharibika. Tutaongea nikifika."

Akakata. Nikapiga tena, akaizima sauti.

Tulikuwa tumeshapita mji wa Corsicana.

"Umemwambia nusu," Khalfan akasema.

"Nimemwambia gari si zima!"

"Hukumwambia ulichofanya."

Alikuwa sawa. Hata pale, mtoto wangu akiwa juu ya ile nati, nilikuwa bado najificha. Nikabonyeza kinasa sauti cha ujumbe, nikasogeza simu mdomoni.

"Mama Glory, nisikilize mpaka mwisho. Yubolti za gari hilo si mpya. Nilizitoa kwenye gari bovu, nikazipaka rangi nyeusi zionekane mpya. Moja ya upande wa kushoto haikukaza. Nilijua, nikamwacha Mogaka aondoke. Mwambie apunguze mwendo, asikanyage breki kwa nguvu, aende pembeni taratibu. Sizuii safari yako. Kwa Fanny kaa utakavyo. Simameni tu."

Nikatuma. Nikaitazama alama ya kuonyesha kwamba umesikilizwa, kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Dakika moja. Mbili. Tano.

Alama ikabadilika.

"Amesikiliza!" nikapiga kelele. "Kaka, amesikiliza!"

"Alhamdulillahi. Sasa watasimama."

Nikangoja simu. Haikulia. Nikampigia, ikaita mpaka mwisho. Nikampigia Mogaka. Kimya. Tukapita Fairfield. Khalfan akaongeza mwendo.

Kabla ya kufika mji mdogo wa Buffalo, magari yakaanza kusimama mbele yetu, njia zote mbili. Taa nyekundu zikajipanga mpaka upeo wa macho.

"Foleni tu hii," Khalfan akasema. Lakini alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili.

Nilifungua mlango, nikashuka, nikakimbia. Nilikimbia pembeni ya barabara kwenye nyasi, nikipita malori na madereva waliotoa vichwa nje. Sijui nilikimbia umbali gani. Kwanza nikaona godoro barabarani. Kisha maboksi yaliyopasuka, nguo za msichana zimetapakaa kwenye lami. Kisha pikapu ya bluu, imesimama kiubavu kwenye ukingo wa barabara, tairi la nyuma la kushoto limerudi nyuma mpaka limegusa bodi.

"Glory!"

"Baba!"

Alikuwa amekaa kwenye majani, mbali na barabara, amejikunyata ndani ya sweta la Precious. Nikampapasa kichwa, mikono, miguu. Mzima. Hata mkwaruzo hana. Precious alikuwa amesimama karibu naye, mzima pia. Hakunisalimu.

Nikalia pale mbele ya watu.

"Mama yako yuko wapi?"

Glory akanyoosha kidole bondeni.

Kulikuwa na gari dogo jeupe kwenye mtaro, pua yake imeingia kwenye kalvati ya saruji. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Mogaka alikuwa amepiga magoti ndani ya mlango ule, ameshika kwa mikono miwili kichwa cha mama mmoja mtu mzima, nywele nyeupe, ili shingo isitikisike. Yasinta alikuwa amembana kitambaa kwenye paji la uso. Kitambaa kilikuwa chekundu chote, na mikono yake hadi kwenye viwiko.

"Nitazame mimi, mama, usifunge macho," Mogaka alikuwa anamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya upole. "Jina lako nani? Niambie tena."

Yule mama hakujibu.

Nikasimama juu ya mtaro.

Yasinta aliinua macho akaniona.

"Tulikuwa tumeshapunguza," akasema. Hakuwa ananifokea, na hilo liliniuma zaidi. "Tulisikiliza wote, alikuwa anaenda pembeni. Nyuma ikakatika. Gari likayumba, friji ikaruka barabarani. Huyu mama aliikwepa."

"Ataishi?"

"Usiniulize hilo sasa hivi, Faustine."

Hakuwahi kuniita Faustine tangu Glory azaliwe.

Gari la wagonjwa likafika, wakamfunga shingo, wakampakia. Mlango ulipofungwa Mogaka alibaki amesimama na mikono yake imening'inia, kama hajui pa kuiweka. Kisha akapanda kuja nilipokuwa. Nilijitayarisha kupigwa. Nilitaka anipige.

Alikuja mpaka karibu kabisa.

"Ongea Kiswahili tu, asielewe," akaninong'oneza. "Huyo askari anakuja. Karatasi zako bado, si ndiyo?"

"Mogaka, mimi..."

"Mimi ni raia. Hiyo gari ni yangu. Wewe nyamaza, ufikirie mtoto wako."

Askari wa barabarani alikuwa kijana mrefu, kofia pana, miwani myeusi aliyoivua alipotufikia. Khalfan naye alikuwa amefika, anahema, mkono kifuani. Tukawa tumesimama nusu duara: Mogaka, binti yake, Khalfan, mimi, na Yasinta aliyekuwa amembeba Glory na kumgeuzia uso begani.

Askari alikuwa ameshachungulia chini ya pikapu. Alikuwa na nati mkononi, ameiweka kwenye mfuko wa nailoni.

"Ekseli hii imefungwa hivi karibuni," akasema kwa Kiingereza. "Rangi hata haijachubuka. Nani aliifunga?"

Mogaka hakusita.

"Ni mimi. Niliifunga mwenyewe nyumbani."

"Wewe ni fundi?"

"Ni muuguzi. Niliona video nikajaribu."

Askari akaandika. Nikayasikia maneno yale yakinishukia kama maji ya moto. Mtu ambaye nusura nimtie kaburini alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ina damu ya mtu mwingine, ananibebea. Na mimi, msomaji, sikusema kitu. Nilihesabu sekunde. Zilipita tatu, nne, na kila moja nilikuwa namruhusu.

"Dad, don't lie."

Precious. Alikuwa amesogea mbele.

"Precious, nyamaza," Mogaka akasema kwa Kiswahili.

"No, Dad. I asked him. I asked him if it was safe." Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "You didn't touch that car."

Kalamu ya askari ikasimama. Akamtazama Mogaka. Akamtazama Precious. Kisha akatuzunguka kwa macho, mmoja baada ya mwingine, akaishia kwenye mikono yangu. Kwenye kucha, chini kabisa, rangi nyeusi ya kupuliza ilikuwa haijatoka.

"Bwana," akaniambia, "wewe umetokea wapi? Hukuwemo kwenye hili gari."

Mkono wa Khalfan ulinigusa mgongoni. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanisukuma mbele au unanirudisha nyuma. Redio ya askari ilikoroma begani mwake. Akainamisha sikio, akasikiliza, na uso wake ukabadilika. Alipoinua kichwa, hakuwa tena kijana aliyekuwa akiandika maelezo ya ajali.

"Nitauliza mara ya mwisho," akasema. "Mama yule amefariki njiani. Nani alifunga ekseli hii?"

Nikafungua mdomo.

Lakini aliyesema hakuwa mimi. Yasinta alimshusha Glory chini, akamkabidhi Precious mkono wa mtoto, akapiga hatua moja mbele na viwiko vyake vyenye damu.

"Namjua," akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka. "Na simuni mwangu nina sauti yake."